Siku Nilipomburuta Mama Mkwe kwa Blanketi

Nimewahi kumburuta mama mkwe wangu sakafuni, kutoka kitandani kwake mpaka wodi ya pili, na watu wakanipigia makofi.

Usikimbilie kunihukumu. Soma kwanza.

Siku ile hospitali nzima iliniita shujaa. Daktari alinipa mkono. Wagonjwa walinipongeza wakiwa wamelala chali. Mimi nilikuwa nimejibanza ukutani natokwa na kijasho chembamba, kwa sababu katika jengo lote lile ni mimi peke yangu niliyejua nani amelichoma.

Au ndivyo nilivyodhani.

Ngoja nianzie nyuma kidogo.

Mimi ni mhudumu wa wodi. Wodi ya mifupa ya wanawake, ghorofa ya tatu. Nasukuma vitanda, nageuza wagonjwa, nabadilisha mashuka, na nanyanyua kila kizito ambacho manesi wamekitazama wakatikisa kichwa. Wagonjwa wetu ni wa kulala tu. Huyu nyonga, yule paja, mwingine mguu umening'inizwa kwa kamba yenye vyuma vya uzito. Hakuna anayeweza kusimama, seuze kukimbia.

Kwa sababu hiyo, kila baada ya miezi mitatu tulikuwa na mazoezi ya moto.

Afisa usalama wa hospitali alikuwa anakuja na kipaza sauti chake cha mkononi, kile cha kupigia kelele mikutanoni, na kukitumia ndani ya chumba chenye watu saba. Sisi tulimwita Bwana Tahadhari. Alikuwa anajua kazi yake, hilo simnyimi. Alitufundisha kwamba lifti haiguswi. Kwamba mgonjwa asiyejiweza humkimbizi ngazini kwanza. Unamhamisha palepale ghorofani, unamvusha ule mlango mzito wa kuzuia moto, unaufunga, ndipo mnapumua na kufikiria ngazi. Kitanda chenye magurudumu mazima, sukuma. Kisichokwenda, tandika blanketi chini, mshushe mgonjwa, mburute akitanguliza kichwa, na wewe mwenyewe uwe chini, maana moshi hupanda juu.

Na kila mara alimalizia kwa neno moja: tusiache kitu kwenye soketi bila mtu wa kukiangalia. Alilisema hilo kwa kipaza sauti, mara mbili.

Sasa mazoezi yale yalihitaji mgonjwa wa bandia. Na hapo, jamani, ndipo nilipokuwa na moyo wa kujitolea kuliko watu wote.

Nilikuwa na sababu. Kwanza mimi ni mwembamba, manesi walinivuta bila taabu. Pili, mtu uliyeamka alfajiri kunyanyua watu wenye plasta, ukiambiwa ulale kwenye blanketi sakafu ya baridi, mikono kifuani, wenzako wakuvute taratibu mpaka wodi ya pili, utakataa? Ilikuwa likizo yangu.

Miaka mitatu. Mazoezi kumi na moja. Mara zote kumi na moja mgonjwa nilikuwa mimi.

Nilikuwa nafumba macho. Mara mbili tatu nilisinzia kabisa. Tukimaliza nasimama, najipangusa, nasaini kwenye daftari, safu ya waliovuta. Hakuna aliyeuliza. Kwenye karatasi, mimi ndiye niliyekuwa mvutaji mzoefu kuliko wote, mpaka nikapewa fulana ya njano ya msimamizi wa moto wa wodi. Niliitundika kwenye msumari, ikapendeza.

Za mwizi arobaini. Zangu ziliishia kumi na moja.

Haya, tuje kwa mama mkwe.

Aliteleza bafuni kwake akavunjika nyonga. Akawekewa chuma, akaletwa wodi ya mifupa ya wanawake, ghorofa ya tatu. Kwangu. Mke wangu alikuwa na safari ya kikazi ya wiki mbili isiyoahirishika, akaniaga akiwa na begi mlangoni.

"Mama nimekuachia wewe," aliniambia. "Akipata hata mkwaruzo usinipigie simu. Funga virago vyako tu."

Namjua mke wangu. Huwa hatanii akiwa ameshika begi.

Na mama mkwe mwenyewe hakuwahi kunipenda. Nasema wazi. Nilipomwoa binti yake, aliwaambia majirani kwamba mkwe anafanya kazi hospitalini, akaachia hapo. Wengi wakaelewa daktari, naye hakuwarekebisha. Sasa analetwa kwa machela, anafumbua macho, ananiona mimi na ndoo na fagio. Akayafumba tena.

Toka siku hiyo aliniita Mhudumu.

Mhudumu, pazia. Mhudumu, mto. Kama mtu ambaye hajawahi kula harusi yangu. Kitanda cha jirani alikuwapo mwalimu mstaafu, yule wa mguu wa kuning'inia, mama mdadisi asiyepitwa na kitu. Akamuuliza kuhusu watoto. Mama mkwe akasema binti yake ameolewa na mtu wa hospitali, lakini si hospitali hii, ni nyingine kubwa zaidi. Mimi nilikuwa palepale, nimeshika chombo cha haja, chake. Nikajikaza kisabuni nikaondoka.

Alitaka kitanda cha mwisho kabisa, cha dirishani, apate hewa. Nikampa. Kitanda kile kilikuwa na gurudumu moja lililokwama. Mwezi mzima nilitakiwa nimwambie fundi. Niliandika kwenye kiganja ili nisisahau, kisha nikanawa mikono.

Halafu kukawa na suala la chai. Chai ya wodini aliionja siku ya kwanza akasema haya ni maji yaliyosimuliwa habari za majani. Alitaka maji yanayochemka, ajitengenezee mwenyewe. Vifaa vya umeme wodini ni marufuku, kosa la kufukuzwa kazi. Lakini mimi nikaona hapa ndipo pa kuingilia moyoni mwa mama. Nikanunua hita, ile ya waya unaoizamisha ndani ya maji, nikaificha stoo ya mashuka. Mle kuna soketi mbili. Kila siku saa nne asubuhi naingia na jagi, nachemsha, natoka nalo limefunikwa taulo.

Alipokea bila kusema ahsante. Ila alikunywa yote. Kwangu mimi ile ilikuwa posa ya pili.

Sasa Alhamisi ile, saa nne, niko stoo, maji yanachemka, nikasikia Metroni ananiita. Metroni ndiye mkuu wa wodi, na yeye haiti mara mbili. Nikalinyakua jagi, nikalifunika, nikampelekea mama mkwe mbio mbio, nikaliweka kwenye kabati lake, nikakimbilia kwa Metroni kumsaidia kumgeuza Mwalimu. Kazi ikafuata kazi. Sikurudi tena stoo.

Saa sita na nusu Mwalimu akanusa hewa. Akasema kuna kitu kinaungua, na si chakula, maana chakula cha hapa hakijawahi kufikia hatua hiyo.

Tukacheka. Kisha nami nikanusa.

Nikachungulia koridoni. Upande wa kulia, chini ya mlango wa stoo ya mashuka, moshi ulikuwa unatoka mweusi tititi.

Hita.

Nilijaribu kukumbuka kama niliichomoa. Nilikumbuka jagi. Nilikumbuka taulo. Mkono wangu kwenye soketi sikuukumbuka kabisa. Nikajua leo nimekwisha, na mbaya zaidi nimewamaliza na wengine.

Metroni alishabonyeza king'ora. Wagonjwa walikuwa wanne, sisi watatu: yeye, nesi mmoja na mimi. Akaitazama ile fulana ya njano msumarini, akanitazama mimi.

"Msimamizi, tunaanzaje?"

Nikamjibu tuanze kwa utaratibu. Hilo ndilo jibu pekee nililokuwa nalo. Namna ya kuvutwa nilikuwa naijua kuliko mtu yeyote nchini. Namna ya kuvuta sikuwa naijua hata chembe.

Metroni ni mtu wa maana, hakusubiri nimalize kudanganya. Alisema vitanda vinavyokwenda vitangulie, cha karibu na mlango kwanza, kwa sababu njia ni nyembamba na cha mwisho hakiwezi kuvipita vingine. Tukasukuma. Toka mlangoni, kata kushoto, koridoni mpaka mlango wa moto, vuka. Kitanda cha Mwalimu, nesi alibeba vile vyuma vya uzito mikononi ili mguu usishtuke, huku Mwalimu anamsahihisha namna ya kuvishika. Cha tatu tulipokivusha, moshi wa koridoni ulikuwa umeshuka mpaka kifuani.

Amebaki mmoja. Dirishani.

Metroni akaniambia zima moto wako njiani, wana vifaa, tuwasubiri. Nikamwambia hawezi kusubiri. Akaniuliza kwa nini yeye hasa. Nilitaka kusema ni mama mkwe wangu, nikakumbuka kwamba sikuwa na ruhusa.

"Ni mgonjwa wangu," nikasema. Nikavuta pumzi, nikainama, nikarudi.

Sikuwa nimefikiria ushujaa, niwe mkweli. Nilimfikiria mke wangu na begi lake. Nikafikiria pia kwamba moto huu nimeuwasha mimi kwa mkono wangu, kwa ajili ya chai.

Nilimkuta mama mkwe amekaa nusu, ametulia, amejifunga khanga vizuri na kukumbatia furushi la mtandio kifuani. Nikakamata kitanda nikasukuma kwa nguvu zote. Kikazunguka. Kikageuka kikatazama ukuta, kikagoma.

"Hilo gurudumu nilikwambia tangu Jumapili," akasema.

Nikatandika blanketi sakafuni. Alipoona nimenyoosha mikono kumshika makwapani, akarudi nyuma mpaka alipoishia mto. Akaniambia nisimguse. Aje nesi wa kike. Mkwe hamshiki mama mkwe makwapani, hata dunia ikiungua.

Na dunia ilikuwa inaungua kweli, mita ishirini toka pale.

Nikapiga magoti.

"Mama, mimi hapa si mkwe. Mimi ni mhudumu. Umeniita hivyo wiki nzima, mbele za watu."

Alinitazama. Macho yalikuwa yanamtoka machozi, sijui ya moshi, sijui ya nini.

"Haya," akasema. "Shika. Lakini angalia pembeni."

Nikashika, nikiangalia pembeni. Nataka nikwambie, kumshusha mama wa kilo tisini na kitu aliyewekewa chuma nyongani, ukiwa peke yako, huku unatazama dirisha, si jambo la mchezo. Niliteremsha kitanda mpaka mwisho, nikavuta godoro nusu likawa mteremko. Mpango ulikuwa ateleze polepole. Aliteleza, ila si polepole. Nilichoweza kufanya ni kulala chini haraka ili asipige sakafu.

Alishukia juu yangu.

Tulikaa hivyo kidogo. Yeye alilia mara moja kwa maumivu, mimi sikuwa na hewa ya kulilia. Kisha akaniuliza kwa upole kama bado niko hai, maana kazi haijaisha.

Nikajichomoa, nikambingirisha kwenye blanketi, nikakamata ncha za miguuni, nikavuta.

"Kichwa," akasema.

Sikuelewa.

"Kichwa ndicho kinachotangulia. Jumatatu mlipofanya mazoezi nilikuangalia toka mwanzo mpaka mwisho. Wewe ulikuwa unakoroma."

Kumbe. Katika wodi nzima, mwanafunzi pekee wa Bwana Tahadhari aliyesikiliza somo alikuwa mgonjwa wa nyonga. Nikahamia kichwani. Akaniambia nikunje ncha za blanketi nizisokote mkononi zisiponyoke. Nikasokota. Akaniambia nikae chini, nisisimame. Nikakaa. Nikawa najisogeza kinyumenyume kwa makalio, navuta, najisogeza, navuta. Yeye amekumbatia furushi lake.

Nikamwambia aliache hilo furushi, ajishike blanketi kwa mikono miwili.

"Halikuhusu," akajibu. "Vuta."

Nikajua ni dhahabu zake. Watu wazima na dhahabu.

Tukafika mlangoni pa wodi. Nilijua kwa sababu ule ukanda wa chuma wa kizingiti ulinikwaruza. Hapo moshi ukatumeza. Sikuona mkono wangu mwenyewe. Nilifumba macho yaliyokuwa yananiwasha, nikageuza blanketi, nikakohoa mpaka nikapindana, na nilipomaliza kukohoa sikujua tena nimeelekea wapi.

Kushoto ni mlango wa moto. Kulia ni stoo. Na mimi sikujua kushoto ni wapi.

Mama mkwe akasema anaona mwanga, twende huko. Nikafumbua jicho moja. Kweli kulikuwa na mwanga, wa rangi ya chungwa. Nikamwambia mwanga ule si wa kuendea. Nilisikia mkono wake unatafuta mkono wangu gizani, ukaupata, ukaushika. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani.

Nikafumba macho tena. Na nilipofumba, nikashangaa kuona kwamba najua nilipo.

Fikiria. Mara kumi na moja nimepita njia ile nimefumba macho, nimelala chali. Sakafu ile niliijua kwa mgongo. Kizingiti cha chuma, kisha vigae, kisha hatua nne hivi upande wa kushoto kuna shimo, kigae kimoja kimeng'oka, na kila mara nilipovutwa kisogo changu kiligonga pale nikashtuka. Nililalamika mara kadhaa. Bwana Tahadhari aliahidi kitarekebishwa. Nikaomba Mungu wawe hawajarekebisha.

Nikavuta upande mmoja. Vigae laini. Vigae laini. Joto likazidi. Sio huku.

Nikageuza. Nikavuta. Kigae, kigae, kigae.

Makalio yangu yakatumbukia shimoni.

Sijawahi kufurahia uzembe wa uongozi wa hospitali kama siku ile. Nikamwambia mama tuko njiani, ainue kichwa kidogo, kuna shimo. Akainua.

"Umejuaje?" akauliza.

"Mgongo unakumbuka, Mama."

Toka shimoni ni moja kwa moja. Nikavuta mpaka mabega yakataka kung'oka. Yeye ananihimiza kwa chini, vuta, pumzika, vuta, kama mkunga. Kisogo changu kikagonga ubao. Nikapiga ule mlango kwa kiwiko, ukafunguliwa, mikono ya watu ikatuvuta wote wawili kwa pamoja, na Metroni akaufunga nyuma yetu. Hewa ile niliyoivuta hapo, mpaka leo naikumbuka ladha yake.

Ndipo yale makofi.

Zima moto walifika, wakauzima. Stoo ya mashuka iliteketea yote, kitu kingine hakikuungua. Mama mkwe alikaguliwa toka utosini mpaka ukucha. Chuma kiko sawa. Mkwaruzo hakuna.

Mkwaruzo hakuna, lakini mimi ndani nilikuwa naungua. Watu wananipa mkono, nami naona tu ile hita imening'inia kwenye soketi, imekauka, nyekundu.

Saa kumi tulikuwa tumejazana wodi ya jirani. Akaja Bwana Tahadhari, na fundi umeme nyuma yake kabeba ndoo ya masalia waliyookota stoo. Ilikuwa ajabu kidogo kumsikia Bwana Tahadhari anaongea kwa sauti yake ya kawaida. Alisifu wodi. Akafungua daftari la mazoezi, akawaonyesha watu saini zangu kumi na moja, akasema haya ndiyo matunda ya mazoezi, na kwamba ataniombea barua ya pongezi. Kisha akabadilika uso.

Akasema moto umeanzia kwenye soketi. Mtu ameacha kifaa kinatumia umeme, akaondoka. Akipatikana, ataondoka kazini leoleo, hata awe nani, na yeye hatamwonea haya.

Nilimtazama mama mkwe. Alikuwa ananitazama. Akatikisa kichwa kidogo sana, kama mtu anayekataza.

Lakini nilikuwa nimechoka. Ukishamburuta mtu aliyekaribia kufa kwa sababu yako, uongo unakuwa mzito kuliko yeye.

"Ni mimi," nikasema.

Nikayatapika yote. Hita, jagi, chai, saa nne. Nikaona nikishaanza nimalize, nikasema na lile daftari ni uongo mtupu, sijawahi kumvuta mtu yeyote hata mara moja, mimi nilikuwa nalala tu. Metroni akatafuta kiti akakaa. Bwana Tahadhari akatoa kalamu.

"Subirini," akasema mama mkwe.

Akaliweka lile furushi mapajani. Akaufungua mtandio, kunjo moja baada ya jingine, taratibu, kama vile hatukuwa na haraka ya kufukuzana kazi.

Haikuwa dhahabu. Ilikuwa hita yangu.

Nzima. Kavu. Na waya wake umeviringwa vizuri.

Akaeleza kwamba asubuhi nilimletea jagi na hita ikiwa mlemle ndani, waya umejichomoa soketini, unaning'inia chini ya taulo mpaka nje, halafu nikakimbia. Metroni alikuwa anakuja upande ule. Akaichomoa majini ikingali ya moto, akaificha chini ya shuka, akaunguza kidole. Akakionyesha kidole.

"Nilijua wakimkuta nayo wanamfukuza," akasema. "Na moto ulipokuja nikasema hii hita haibaki kitandani pangu ikaokotwa. Nimeikumbatia njia nzima. Bila shaka yeye alidhani ni dhahabu."

Bwana Tahadhari akamuuliza, kwa mshangao kabisa, kwa nini mgonjwa ajiingize matatani kumficha mhudumu.

"Kwa sababu ni mkwe wangu."

Mwalimu, toka kitandani kwake, mguu hewani, akauliza lililomkaa rohoni.

"Si ulisema mkwe wako yuko hospitali nyingine, kubwa zaidi?"

"Wakati ule nilikuwa sijamwona akifanya kazi," akajibu mama mkwe, bila hata kupepesa.

Mimi nilitoka koridoni nikalia. Sioni haya kulisema.

Niliporudi, fundi umeme alikuwa amechutama mbele ya ndoo yake. Akasema kama si hita, basi hiki kitu alichokiokota kwenye soketi ya pili kina maelezo. Akatoa donge la plastiki iliyoyeyuka. Ndani yake sumaku ya duara, kubwa, na waya mwembamba wa shaba umezungushwa. Nyuma yake mkia wa chaja.

Akaligeuza mkononi. Akasema yeye hicho anakijua, ameshakitengeneza mara mbili. Ni kipaza sauti.

Watu wote tukageuka kumtazama mwenye kipaza sauti.

Bwana Tahadhari akaweka kalamu yake chini. Jumatatu, baada ya mazoezi, aliona kimeisha chaji. Aliona stoo ina soketi. Alikichomeka soketi ya pili, nyuma ya rundo la mashuka, akaondoka, akakisahau siku tatu. Alisema ndiyo, ni chake, kwa sauti ndogo ambayo hatukuwahi kujua anayo. Namsifu. Angeweza kukana.

Hakufukuzwa, na mimi sikufukuzwa. Nilipewa karipio kwa hita na daftari, na pongezi kwa kumtoa mgonjwa. Barua zote mbili zilikuja katika bahasha moja, nadhani walibana matumizi. Taa ndogo zimewekwa chini kabisa ukutani kuonyesha njia. Shimo limezibwa. Gurudumu nilikwenda kuripoti kesho yake asubuhi, nikamsimamia fundi mpaka akamaliza.

Na mazoezi yanaendelea. Ila siku hizi mgonjwa wa bandia ni Bwana Tahadhari mwenyewe, adhabu aliyojipa, na mvutaji ni mimi. Ni mzito. Simwachi alale.

Mke wangu aliporudi alimkuta mama yake nyumbani kwetu, anatembelea fremu ya chuma ya miguu minne. Mama akamshitakia yote. Kaniangusha. Kanivuta vibaya. Kanipitisha kwenye shimo. Kakitazamisha kitanda ukutani. Mke wangu akanigeukia, mkono kiunoni, kisha akamuuliza mama yake, halafu?

"Halafu nini?" mama mkwe akasema. "Halafu nipo."

Basi, wewe unayesoma hii ukiwa kazini, chomoa ulichochomeka, kisha kaangalie tena kama kweli umechomoa. Kazini kwenu kukiwa na mazoezi ya moto, usijipe kazi ya kulala kila siku, kwa sababu moto hautasoma daftari. Na yule mtu wa nyumbani kwako unayedhani anakuchukia, usimhukumu mpaka uone amekumbatia nini wakati nyumba inaungua.

Hita ile sasa inatundikwa jikoni kwetu. Kila jioni nikirudi kazini, mama mkwe huchemsha maji mwenyewe, amesimama, mkono mmoja kwenye fremu. Anamimina vikombe viwili. Anachomoa waya, ananionyesha kwamba amechomoa. Kisha anasukuma kikombe kimoja upande wangu.

"Kunywa, Mhudumu," huniambia.